Drafti ya NFL: namna ya kukisia timu itachagua nafasi gani kabla jina halijasomwa

Alhamisi ya Aprili 23, 2020, kamishna wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, Roger Goodell, alikuwa chumba cha chini cha nyumba yake, Bronxville, New York, akisoma mbele ya kamera majina ya chipukizi waliochaguliwa na timu. Korona ilikuwa imefunga karibu Marekani nzima, kwa hiyo hapakuwa na jukwaa wala mashabiki wa kushangilia. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya Ijumaa. Zamu ya 26 ilipofika, Goodell alisoma jina la Jordan Love wa chuo cha Utah State, kwotabeki, yaani yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi. Timu iliyomchagua ilikuwa Green Bay Packers.

Packers walikuwa na kwotabeki tayari, na si wa kubahatisha. Aaron Rodgers alikuwa na miaka 36 na mkataba wa miaka kadhaa mbele yake. Msimu uliokuwa umetoka kwisha timu ilishinda mechi 13 na kupoteza 3, ikafika mlango wa Super Bowl, fainali ya ligi, na kufungwa na San Francisco 49ers. Kitu pekee ambacho kila mtu alikiona kikipungua ni wapokeaji, wale wanaokimbia mbele kudaka pasi ndefu, maana ukimtoa Davante Adams hapakuwa na wa kutisha. Takriban kila mtabiri aliandika: Packers, mpokeaji. Badala yake Packers waliwapa Miami Dolphins zamu yao ya raundi ya nne ili wasogee kutoka zamu ya 30 hadi ya 26, wakamchukua mtu wa kukaa benchi.

Siku zile mashabiki waliona ni wazimu. Mimi nadhani uchaguzi ule ndio somo zuri kuliko yote kwa mtu anayetaka kuelewa timu huamuaje ianzie nafasi gani. Uwanja peke yake haukutuambia. Lakini umri wa Rodgers, desturi za klabu, na bei ya kwotabeki sokoni vilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuvisoma.

Kwanza tuwekane sawa juu ya neno lenyewe. Drafti ninayoizungumzia si ile ya vizibo vya soda inayochezwa barazani. Ni utaratibu ambao ligi ya futiboli ya Kimarekani inagawa wachezaji wapya wanaotoka vyuo vikuu. Kwetu, Simba au Yanga ikikosa mshambuliaji inaingia sokoni na fedha zake, inashindana na wengine, inasajili. NFL haifanyi hivyo kwa chipukizi. Timu ni 32, zinapanga foleni, ya mwisho kwenye msimamo inachagua kwanza na bingwa wa Super Bowl anachagua mwisho. Raundi ni 7, zinazochukua siku tatu mwishoni mwa Aprili: raundi ya kwanza Alhamisi, ya pili na ya tatu Ijumaa, zilizobaki Jumamosi. Kwa saa zetu, pazia hufunguliwa saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Wazo lilitoka kwa Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa ikichapwa kila wiki huku klabu zenye nguvu zikizoa vijana wote wazuri. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwaka 1936.

Mchezaji ambaye hakuchaguliwa na yeyote anakuwa huru kujiunga na timu itakayomtaka. Wako pia waliofika kwa njia nyingine kabisa, kama Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, aliyesainiwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita kwenye drafti wala kucheza futiboli chuoni.

Sasa tuingie kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo fumbo lote linapofunguka.

Mshahara wa chipukizi haupangwi kwa nafasi anayocheza. Unapangwa kwa namba ya zamu aliyochaguliwa. Aliyechaguliwa wa 8 atalipwa kiasi kile kile awe kwotabeki, awe mkimbiaji, awe mtu wa ukuta unaomkinga kwotabeki. Mambo hayakuwa hivi zamani. Mwaka 2010 St. Louis Rams walimchagua kwotabeki Sam Bradford wa kwanza, wakajadiliana naye na kumpa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo zikiwa za uhakika, kabla hajarusha pasi hata moja. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakasaini makubaliano mapya yaliyoweka viwango maalumu. Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, alipata miaka minne na dola milioni 22 hivi. Tangu hapo kila aliyechaguliwa anapewa mkataba wa miaka minne, na wale wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuwaongezea mwaka wa tano.

Kando ya viwango hivyo kuna soko la wachezaji wazoefu, na soko hilo linazitofautisha nafasi kama mbingu na ardhi. Njia nyepesi ya kuliona ni kutazama mshahara wa mwaka mmoja ambao ligi inautangaza kwa timu inayotaka kumzuia mchezaji wake asiondoke. Hesabu yake hutokana na mishahara mikubwa kabisa ya nafasi husika. Mwaka 2024 kwa kwotabeki ulikuwa takriban dola milioni 38. Kwa mpokeaji, karibu milioni 22. Kwa mkimbiaji, yule anayepewa mpira mkononi na kupenya katikati ya msitu wa watu, karibu milioni 12.

Unganisha mambo hayo mawili. Cincinnati Bengals walimwongezea kwotabeki wao Joe Burrow mkataba Septemba 2023 kwa wastani wa dola milioni 55 kwa mwaka. Caleb Williams, kwotabeki aliyechaguliwa wa kwanza na Chicago Bears Aprili 2024, alipata karibu milioni 39 na nusu kwa miaka minne yote. Kwa hiyo timu yenye kwotabeki chipukizi anayejua kazi ina fedha nyingi za kununua ukuta, wavamizi na wapokeaji wa kumzunguka, maana ligi nzima ina ukomo wa mishahara. Mwaka 2024 ulikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu, hakuna wa kuvuka. Sasa geuza. New York Giants walimchagua mkimbiaji Saquon Barkley wa 2 mwaka 2018. Mkataba wake wa chipukizi ulikuwa takriban dola milioni 31 kwa miaka minne, na kwa mkimbiaji hizo ni fedha za mkongwe mwenye jina. Kipaji chake hakikuwa na shaka: mwaka 2024, akiwa Eagles, alikimbia yadi 2,005 kwenye msimu wa kawaida na kunyanyua taji. Lakini Giants hawakuokoa kitu kwa kumchagua juu vile.

Ndiyo maana zamu za juu zina ukoo wake. Kwotabeki kwanza. Baada yake mvamizi wa pembeni, ambaye kazi yake ni kumwangusha kwotabeki wa wapinzani, mlinzi wa pembeni wa ukuta, ambaye kazi yake ni kumzuia mvamizi huyo, mpokeaji, na konabeki, anayemkaba mpokeaji. Utaona kwamba zote zinazunguka jambo moja, pasi. Wakimbiaji, lainibeka wa katikati (walinzi wanaosimama nyuma ya mstari wa mbele), taitendi (wanaozuia na pia kudaka pasi) na masefti (walinzi wa nyuma kabisa) mara nyingi wanasubiri. Mwaka 2013 na 2014 raundi ya kwanza ilikwisha bila mkimbiaji hata mmoja. Ukiwa na mashaka kati ya nafasi mbili zinazoonekana kupwaya sawasawa kwenye timu, weka utabiri wako kwenye ile iliyo ghali sokoni. Hutapatia kila mara, ila utapatia zaidi ya anayefuata hisia.

Kalenda nayo ina maneno yake. Soko la wachezaji huru hufunguliwa katikati ya Machi, drafti inakuja wiki sita baadaye. Tundu linalouma leo kwa kawaida linazibwa Machi kwa mzoefu, hata kama ni kiraka tu, ili Aprili timu isilazimike kumchukua mtu kwa njaa. Kwa hiyo matangazo ya Machi yanafaa kusomwa mara mbili, nafasi zilizozibwa na nafasi ambazo klabu imeziacha kimya.

Chukua Bengals wa 2021, mjadala ambao hadi leo unawagombanisha watu. Novemba 2020 Burrow, waliyemchagua zamu ya kwanza kabisa mwaka ule, aliumia goti vibaya kwa kipigo akiwa nyuma ya ukuta uliokuwa umechakaa. Zamu yao ilikuwa ya 5. Mezani walikuwepo Penei Sewell, mlinzi wa pembeni wa Oregon aliyesifiwa kote, na Ja'Marr Chase, mpokeaji aliyecheza na Burrow chuo cha LSU na kutwaa naye ubingwa wa taifa wa msimu wa 2019. Kwa macho ya kawaida jibu lilikuwa Sewell. Kijana wako ameumia, mjengee ukuta.

Lakini Machi ilikuwa imeshasema. Bengals walimsaini Riley Reiff, mlinzi wa pembeni mzoefu, kwa mwaka mmoja. Upande wa wapokeaji, A.J. Green alikuwa ameondoka kwenda Arizona, na hawakumleta wa kujaza pengo lake. Tundu moja lilikuwa na kiraka, lingine liko wazi. Wakamchukua Chase. Mtu wa ukuta walimtafuta raundi ya pili, Jackson Carman. Sewell aliangukia kwa Detroit Lions zamu ya 7.

Je, walikosea? Chase alipata yadi 1,455 msimu wake wa kwanza na kutangazwa chipukizi bora wa ushambuliaji, na Februari 2022 Bengals walikuwa Super Bowl. Msimu huo huo Burrow aliangushwa mara 51, nyingi kuliko kwotabeki yeyote wa ligi, kisha mara 9 kwenye mechi moja ya mtoano dhidi ya Tennessee Titans, na mara 7 kwenye fainali waliyoipoteza. Sewell naye amekuwa miongoni mwa walinzi bora wa ligi nzima. Sioni haja ya kumtafuta mshindi wa ubishi huu. Ninachosisitiza ni kwamba utabiri ulikuwa unawezekana, na waliouweza ni wale waliosoma karatasi za Machi badala ya kurudia kuangalia video ya goti la Burrow.

Machi 2022 Kansas City Chiefs walimuuza Tyreek Hill, mpokeaji mwenye mbio kuliko wote, wakabaki na zamu mbili za raundi ya kwanza. Wengi walitabiri mpokeaji. Chiefs walikuwa tayari wamewasaini JuJu Smith-Schuster na Marquez Valdes-Scantling mwezi huo huo. Konabeki wao Charvarius Ward, kwa upande mwingine, alikuwa ameondoka kwenda San Francisco. Raundi ya kwanza wakamchagua konabeki Trent McDuffie na mvamizi George Karlaftis. Mpokeaji akaja raundi ya pili. Msimu huo wakatwaa Super Bowl.

Kuna kipimo kingine cha mikataba ambacho watabiri wengi wanakiruka, nacho kinaangalia mwaka kesho. Chipukizi wengi hawako tayari mwaka wao wa kwanza. Meneja mkuu anayejua kazi yake anachagua leo mtu wa kuziba tundu litakalofunguka miezi kumi na miwili ijayo, mkataba wa mkongwe ukiisha au miguu yake ikichoka. Kabla ya drafti, fungua orodha ya timu unayoifuatilia, tazama nani mkataba wake unakwisha mwakani na nani amevuka miaka 30. Tazama pia ule mwaka wa tano: timu inatakiwa kuamua mwanzoni mwa Mei, baada ya msimu wa tatu wa mchezaji, kama itamwongezea. Ikikataa, maana yake imeanza kumtafuta mrithi, na unayo miezi kumi na moja ya kujiandaa kabla ya drafti inayofuata.

Kwotabeki ana kanuni zake mwenyewe, na hapa Machi inaweza kukudanganya kabisa. Machi 2024 Atlanta Falcons walimsaini Kirk Cousins kwa miaka minne, dola milioni 180, milioni 100 zikiwa za uhakika. Mtu aliyesoma mkataba ule angeapa kwamba habari ya kwotabeki imekwisha pale Atlanta. Aprili, zamu ya 8, wakamchagua kwotabeki Michael Penix Jr. Watu walishika vichwa. Lakini Cousins alikuwa anakaribia miaka 36 na alikuwa ametoka kukatika mshipa wa kisigino miezi michache nyuma. Kabla msimu haujaisha Penix ndiye aliyekuwa anaanza. Chiefs walishafanya kitu cha jinsi hiyo mwaka 2017, waliposogea kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 kumfuata Patrick Mahomes wakati Alex Smith akiwa kwotabeki wao na timu ikishinda. Kwa nafasi nyingine zote unauliza kama timu inahitaji mtu. Kwa kwotabeki unauliza kama timu ina uhakika wa miaka minne ijayo, na ni klabu chache sana zinazoweza kujibu ndiyo.

Sasa turudi kwa Packers, maana kuna kitu hatujakigusa: desturi.

Mwaka 2005 Packers walimchagua Rodgers mwenyewe zamu ya 24 huku Brett Favre akiwa bado anacheza. Alikaa benchi miaka mitatu. Kilichotokea 2020 kilikuwa klabu ile ile ikirudia mbinu ile ile, kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa tunda la mbinu hiyo. Upande wa wapokeaji, Packers walimchagua Javon Walker raundi ya kwanza mwaka 2002, kisha miaka ikapita, mingi, bila mwingine. Si kwamba hawakuthamini nafasi hiyo. Waliinunua raundi ya pili: Greg Jennings 2006, Jordy Nelson 2008, Randall Cobb 2011, Davante Adams 2014. Walikuwa wanawapata wazuri kwa zamu ya bei nafuu, basi kwa nini walipe zaidi? Raundi ya kwanza waliiacha kwa ulinzi. Kuanzia 2012 hadi 2019 kila waliyemchagua humo alikuwa mtu wa ulinzi.

Machi 2022 Adams mwenyewe aliuzwa kwa Las Vegas Raiders. Packers wakawa na zamu mbili za raundi ya kwanza, ya 22 na ya 28, na safu ya wapokeaji iliyobaki mifupa. Safari hii hata wenye tahadhari waliandika mpokeaji. Packers wakachagua lainibeka Quay Walker na mtu wa kati wa ulinzi Devonte Wyatt, wote wawili wa chuo cha Georgia. Kesho yake, raundi ya pili, wakasogea hadi zamu ya 34 kumchukua mpokeaji Christian Watson. Watabiri walijua timu inahitaji nini. Walichokosea ni raundi.

Desturi kama hizi ziko kila mahali ukizitafuta. Philadelphia Eagles, chini ya meneja mkuu Howie Roseman, wamekuwa wakimwaga zamu zao za juu kwenye ukuta wa mbele, wa kushambulia na wa kulinda. Konabeki wa raundi ya kwanza hawakuwa wamemchagua tangu Lito Sheppard mwaka 2002. Kisha 2024, makonabeki wao wakongwe wakiwa wamechoka mbele ya macho ya kila mtu, walimchagua Quinyon Mitchell zamu ya 22, na raundi ya pili wakaongeza Cooper DeJean. Miezi kumi baadaye DeJean alikata pasi ya Mahomes kwenye Super Bowl na kuirudisha hadi langoni. Desturi inaweza kuvunjika, ila mara nyingi inavunjwa na umri na mikataba, vitu ambavyo tumeshavisema.

Fuata mtu, usifuate jezi. Meneja mkuu akibadilika, historia ya klabu inapungua uzito na unatakiwa kuangalia alikotoka. Kocha akibadilika, hata maana ya nafasi inaweza kubadilika: mfumo wa ulinzi wenye watu wanne mstari wa mbele unahitaji miili tofauti na wenye watatu. Na wapo viongozi wasiojali bei ya soko hata kidogo. Mwaka 2023 Lions chini ya Brad Holmes walichagua mkimbiaji Jahmyr Gibbs zamu ya 12 na lainibeka Jack Campbell zamu ya 18, nafasi mbili ambazo hesabu niliyoieleza inasema usizinunue juu hivyo. Walikosolewa sana. Msimu huo walifika hatua ya mwisho kabla ya Super Bowl. Holmes anachagua watu anaowapenda, popote orodha inapowaweka, na ukijua hivyo utaacha kumpigia hesabu za mishahara.

Bado kuna jambo ambalo halimo mikononi mwa timu: mavuno ya mwaka. Aprili 2022 zamu tano za kwanza zote zilikwenda kwa watu wa ulinzi, na kwotabeki alikuwa mmoja tu raundi nzima, Kenny Pickett kwa Pittsburgh zamu ya 20. Aliyefuata alisubiri hadi zamu ya 74. Miaka miwili baadaye, 2024, zamu 14 za kwanza zote zilikuwa za ushambuliaji, kwotabeki sita wakiwa wamekwenda kabla ya zamu ya 13. Timu zilikuwa zile zile 32, na kila mwaka zipo zinazolia njaa ya kwotabeki. Kilichobadilika ni shamba. Ndiyo maana timu yenye mahitaji mawili huanza na ile nafasi ambayo wazuri wake ni wachache. Kama kuna wapokeaji kumi wa kuaminika lakini walinzi wa pembeni wawili tu, mlinzi anatangulia, na mpokeaji anasubiri Ijumaa.

Kutoka hapa unaelewa kwa nini ule ubishi wa kama timu inachagua mchezaji bora aliyebaki au inachagua mahitaji yake hauna kichwa wala miguu. Timu inapanga majina yote kwa ngazi. Ikifika zamu yake inatazama ngazi ya juu iliyobaki ina nani. Wakiwa watatu walio sawa, ndipo mahitaji yanapoamua. Dallas Cowboys mwaka 2021 walitaka konabeki, kila mtu alijua. Wakiwa wanasubiri zamu ya 10, Jaycee Horn akachukuliwa zamu ya 8 na Patrick Surtain zamu ya 9. Konabeki wa ngazi ile hawakuwepo tena. Cowboys hawakushuka ngazi kumfuata konabeki wa tatu. Walirudi nyuma hadi zamu ya 12 kwa kubadilishana na Eagles, wakamchagua Micah Parsons, aliyeishia kuwa chipukizi bora wa ulinzi mwaka ule. Kwa hiyo usiandike nafasi moja tu mbele ya jina la timu. Andika ya kwanza, kisha ya pili ikiwa ya kwanza itanyakuliwa.

Maneno ya viongozi mwezi wa Aprili hayana uzito mkubwa. Kila klabu ina sababu ya kuficha, na wengine wanasifu mchezaji hadharani ili jirani ahangaike. Vina uzito zaidi vitu vinavyogharimu muda: timu inaruhusiwa kuwaalika wachezaji 30 makao yake makuu kabla ya drafti, na orodha hiyo kwa kawaida huvuja. Ukiona walinzi wa pembeni saba kati ya 30, umeambiwa kitu.

Hata hivyo, kutambua nafasi ni rahisi kuliko kutambua mtu. Aprili 2025 iliaminika Cleveland Browns watatafuta kwotabeki, na walitafuta, wakachukua wawili. Lakini Shedeur Sanders, ambaye wengi walimwona raundi ya kwanza, alisubiri hadi raundi ya tano, zamu ya 144, baada ya Browns hao hao kumtanguliza Dillon Gabriel raundi ya tatu. Klabu zenyewe hazina uhakika mkubwa. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2017, walilinganisha kila mchezaji na aliyemfuata kuchaguliwa kwenye nafasi hiyo hiyo. Aliyetangulia alikuja kuwa bora karibu mara 52 kati ya 100, karibu sawa na kurusha shilingi. Kwa msomaji wa drafti hii ni habari njema: ukisema timu itachukua mlinzi wa pembeni, una vitu vya kushika mkononi. Ukisema ni mlinzi yupi, umeingia mahali ambapo hata waliolipwa kwa kazi hiyo wanapapasa.

Aprili 2025 drafti ilifanyika Green Bay kwenyewe, nje ya uwanja wa Lambeau. Rodgers alikuwa ameshaondoka miaka miwili nyuma. Love alikuwa kwotabeki, na mkataba wake mpya ulikuwa wa dola milioni 220 kwa miaka minne. Packers walikuwa na zamu ya 23, na waliozoea klabu hii waliandika ulinzi, kama kawaida. Lakini Januari Christian Watson alikuwa ameumia goti vibaya, na yeye pamoja na Romeo Doubs, wapokeaji wawili waliochaguliwa 2022, walikuwa wanaingia mwaka wa mwisho wa mikataba yao ya chipukizi. Kwotabeki ghali, wapokeaji wawili mlangoni. Jina lililosomwa lilikuwa Matthew Golden, mpokeaji wa chuo cha Texas, wa kwanza kwa Packers raundi ya kwanza tangu 2002, na umati wa Green Bay ukalipuka kwa kelele.